Dawa Mbili, Kiti Kimoja: Historia ya Vidonge vya Mama Mjamzito

  Ukiwa na mama mjamzito nyumbani, mwite aje asikilize, maana mada ya leo ni yake. Baba naye asiondoke, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetumwa duka la dawa.

Mada hii ilitokana na swali. Mama mmoja alikuja kliniki ya wajawazito akiwa na mfuko mdogo mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na vidonge vidogo vya manjano alivyonunua dukani baada ya jirani kumwambia kwamba macho yake ni meupe na damu imepungua. Kitabu chake cha kliniki nacho kilionyesha kwamba siku mbili kabla, akiwa amewatembelea wazazi wake upande wa Bungoma, alimeza vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria. Nilipomwomba aweke kando vile vya manjano, aliniuliza: "Sista, hii ni dawa na ile ni dawa. Zote ni za kunisaidia. Kosa liko wapi?"

Kosa halikuwa lake. Swali lake ni zuri, na jibu lake lilichukua watu zaidi ya miaka mia moja kulipata. Sehemu ya jibu hilo ilipatikana papa hapa magharibi mwa Kenya. Hebu tulifuate polepole.

KITI CHA KINYOZI

Kwanza tuelewe jambo moja. Dawa ikiingia mwilini haizunguki tu na kupigana na kila kitu kama mlevi sokoni. Dawa nyingi zina mahali maalumu pa kukaa. Mahali hapo wataalamu hupaita kipokezi, au kituo cha kushikia. Mimi nitapaita kiti.

Fikiria kinyozi wa hapa sokoni Kiminini mwenye kiti kimoja tu. Mteja akikaa, ananyolewa, anaondoka, mwingine anakaa. Sasa aje mtu anayefanana na mteja, akae kwenye kile kiti, lakini hataki kunyolewa wala haondoki. Kinyozi ana mashine, umeme upo, wateja wamejaa mlangoni, lakini kazi imesimama. Hivyo ndivyo dawa nyingi zinavyofanya kazi. Hazivunji duka, zinakalia kiti tu.

Je, wateja halisi wakiwa wengi sana mlangoni? Kila yule mkaidi anapoinuka kidogo, mteja mmoja anajipenyeza. Kwa hiyo anayeshinda ni nani? Inategemea mambo mawili: nani yuko kwa wingi, na nani anashikilia kiti kwa nguvu zaidi. Kumbuka mambo hayo mawili, tutayarudia.

Wazo hili lilianza kuonekana mwaka wa 1878. Mwingereza mmoja kijana, John Newport Langley wa Cambridge, alikuwa akichunguza jinsi wanyama wanavyotoa mate. Alikuwa na dawa mbili. Pilokapini ilifanya mate yatiririke, atropini ilikausha mate. Aliona kwamba akiongeza moja, nguvu ya nyingine inapungua. Akafikiri kwamba lazima kuna kitu mwilini ambacho dawa zote mbili zinakishikilia, na matokeo yanategemea wingi wa kila moja na uwezo wake wa kushika. Mwaka wa 1905, baada ya uchunguzi mwingine kwenye misuli, alisema wazi kwamba mwili una kitu kinachopokea dawa. Huko Ujerumani, Paul Ehrlich naye alikuwa akifikiria mambo ya namna hiyo hiyo.

Usidhani hayo ni mambo ya mbali. Sisi ni watu wa mahindi. Kila msimu tunapiga dawa ya wadudu shambani, na nyingine zina sumu kali. Mtu akiletwa hospitali akitoka mate na jasho jingi, kifua kimejaa maji, kwa sababu ya aina fulani ya sumu hizo, anadungwa atropini. Inakwenda kukalia viti ambavyo mwili umevifurikisha kwa ujumbe wa "toa mate, toa maji". Ni atropini ile ile ya Langley.

CHACHU ILIYOZIMA DAWA

Sasa twende kwenye dawa za salfa. Mwaka wa 1935 daktari Mjerumani, Gerhard Domagk, alitangaza dawa iitwayo Prontosil iliyookoa panya waliotiwa bakteria wa kuua. Mwaka uliofuata, Leonard Colebrook wa London aliitumia kwa akina mama waliopata homa ya uzazi baada ya kujifungua. Homa hiyo ilikuwa ikiua wazazi wengi siku zile. Vifo vikapungua. Kwa hiyo historia ya salfa na historia ya mama mzazi zimefuatana tangu mwanzo.

Lakini hakuna aliyejua salfa inafanyaje kazi. Mwaka wa 1940, huko London, Donald Woods na mkubwa wake Paul Fildes walifumbua fumbo hilo. Woods aliona kwamba akiwatilia bakteria maji yaliyotolewa kwenye chachu, salfa inapoteza nguvu na bakteria wanaendelea kukua. Ndani ya chachu mlikuwa na nini? Akapata kemikali ndogo iitwayo PABA. Umbo lake linafanana sana na la salfa. Kiasi kidogo tu cha PABA kilitosha kuzima salfa nyingi mno.

Hapo mambo yakawa wazi. Bakteria hutumia PABA kujitengenezea foleti, vitamini anayoihitaji kila kiumbe ili kuzaana na kukua. PABA ndiye mteja halisi wa kinyozi. Salfa ni yule anayefanana na mteja. Inakalia kiti, foleti haitengenezwi, mdudu anashindwa kuzaana. Lakini ukileta wateja halisi kwa wingi, salfa inasukumwa nje ya kiti.

Sisi binadamu hatuna duka hilo. Hatujitengenezei foleti, tunaila katika kunde, maharagwe, sukuma wiki na mboga nyingine za majani. Ndiyo maana salfa inaweza kumbana mdudu bila kutubana sisi vivyo hivyo.

Kimelea wa malaria naye anajitengenezea foleti yake. Ana vinyozi wawili waliofuatana. Wa kwanza anampokea PABA. Wa pili anamalizia kazi, na foleti inakuwa tayari kutumika. Huko Marekani, George Hitchings na Gertrude Elion walikuwa wakitafuta dawa za kukalia viti vya namna hii. Elion alikuwa mwanamke aliyehangaika sana kupata kazi ya maabara kwa sababu tu ya kuwa mwanamke. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, maabara yao ilitoa pirimethamini, iliyouzwa kwa jina la Daraprim. Hiyo inakalia kiti cha kinyozi wa pili. Mwaka wa 1988 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na James Black, aliyetengeneza dawa za kukalia vipokezi katika moyo na tumbo.

MAKUENI, MKUZI, NA KITI KILICHOBADILIKA UMBO

Pirimethamini ilifika kwetu mapema. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950, wakazi wa Makueni huku Kenya waligawiwa dawa hiyo kwa pamoja, wagonjwa na wazima, ili malaria ipungue. Kufikia mwaka wa 1954 ripoti zilikwisha toka kwamba dawa inashindwa. Mwaka huo huo, jambo kama hilo liliripotiwa Mkuzi, karibu na Muheza, Tanganyika.

Nini kilitokea? Kati ya mamilioni ya vimelea, wachache huzaliwa na kiti chenye umbo tofauti kidogo. Mteja halisi bado anaweza kukaa, lakini dawa inateleza na kuanguka. Ukimeza dawa, wenye kiti cha kawaida wanakufa. Hao wachache wanabaki na kuzaana. Huo ndio usugu. Kwa hiyo anayezoea dawa si mwili wako, kama wengi wanavyosema. Ni kimelea aliyebadilisha kiti.

Ili kupambana na hilo, dawa mbili ziliunganishwa: salfadoksini kwa kinyozi wa kwanza, pirimethamini kwa kinyozi wa pili. Mchanganyiko huo ndio SP, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la Fansidar. Klorokwini iliposhindwa kutibu malaria Afrika Mashariki, SP ilipandishwa cheo. Malawi iliichagua mwaka wa 1993, Kenya mwaka wa 1998. Wengi wetu tulitibiwa nayo utotoni. Lakini viti vikaendelea kubadilika, na mwaka wa 2004 serikali ya Kenya iliamua kutumia dawa ya mseto ya AL badala yake. AL ilianza kufika vituoni mwaka wa 2006.

Je, SP ilitupwa? Hapana. Ilibakizwa kwa kazi moja kubwa: kumkinga mama mjamzito katika maeneo yenye malaria nyingi. Malaria ya mimba hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asisikie homa, lakini damu yake inapungua, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2012 lilipendekeza SP itolewe katika kila ziara ya kliniki kuanzia muhula wa pili wa mimba, dozi moja na nyingine zikiachana kwa mwezi mmoja au zaidi. Ingawa usugu upo, SP bado inasaidia watoto wazaliwe na uzito mzuri.

VIDONGE VYA MANJANO

Sasa turudi kwa mama yetu na vidonge vyake. Vile vya manjano vilikuwa asidi ya foliki, ambayo ni foleti iliyotengenezwa kiwandani. Ni vidonge vizuri. Vinasaidia kuongeza damu, na vikitumiwa mapema vinakinga uti wa mgongo na ubongo wa mtoto visiharibike. Shida iko kwenye kipimo. Vyake vilikuwa vya miligramu 5.

Kumbuka vinyozi wawili. SP imekalia viti vyote viwili. Sasa mama anameza asidi ya foliki nyingi. Hao ni wateja waliokwisha kunyolewa kwingine. Hawana haja ya kinyozi wa kwanza, wanampita. Wanakwenda moja kwa moja kwa kinyozi wa pili na kusongamana mlangoni, hadi pirimethamini inasukumwa nje ya kiti. Kimelea anapata foleti bila jasho. Tumemlisha adui kwa mkono wetu wenyewe.

Hayo yalionekana kwa watu halisi. Huko Gambia, utafiti uliotolewa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa malaria kwa SP pamoja na asidi ya foliki walishindwa kupona mara nyingi zaidi. Kisha mwaka wa 2006 matokeo ya utafiti wa hapa magharibi mwa Kenya yakatolewa. Wajawazito wenye vimelea vya malaria walitibiwa kwa SP, wakagawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, jingine miligramu 0.4, la tatu kidonge kisicho na dawa. Kufikia siku ya 14, tiba ilikuwa imeshindwa kwa takriban wanawake 14 kati ya 100 katika kundi lisilopewa foliki. Katika kundi la miligramu 0.4 hali ilikuwa karibu hiyo hiyo. Lakini katika kundi la miligramu 5, walioshindwa kupona walikuwa takriban 27 kati ya 100. Karibu mara mbili!

Tazama uzuri wa jibu hilo. Halikusema mama asipewe foliki. Lilisema apewe kipimo kidogo. Miligramu 0.4 zinamtosha mama na mtoto, na hazijazi mlango wa kinyozi. Ndiyo maana siku hizi kliniki hutoa kidonge kimoja chenye madini ya chuma miligramu 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4, na Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba foliki ya miligramu 5 au zaidi isitumiwe pamoja na SP.

Hapa lazima nikuambie ukweli, msikilizaji. Nilipokuwa mpya kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, niliwahi kuwapa akina mama SP na foliki ya miligramu 5 kwa mkono mmoja. Ndiyo iliyokuwa kwenye rafu. Niliona mama ana upungufu wa damu, nikataka kumsaidia haraka. Hakuna aliyenigombeza, na hakuna mama aliyerudi kulalamika, kwa sababu kosa la namna hii halipigi kelele. Mama anakwenda nyumbani akidhani amekingwa. Baadaye mtoto anazaliwa mdogo, na watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Sijui ni akina mama wangapi. Tangu nilipojua, sitoi kidonge kabla sijauliza mama anatumia nini kingine.

SEPTRIN NA SP

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa heshima ya siri ya kila mtu. Septrin, kidonge kikubwa cheupe, nayo ina dawa mbili ndani yake. Moja ni salfa, inakalia kiti cha kinyozi wa kwanza. Ya pili ni trimethoprimu, inakalia kiti cha kinyozi wa pili. Yaani Septrin na SP zinafuata viti vile vile viwili.

Kwa hiyo mama anayetumia Septrin kila siku, kama wanavyofanya wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hapewi SP. Septrin yenyewe tayari inamkinga na malaria. Akiongezewa SP, anachoongezewa hasa ni hatari ya madhara ya salfa, kama ngozi kubabuka na midomo kuchubuka vibaya. Lakini ikiwa mama anaona haya kusema, na muuguzi hakuuliza kwa upole, atameza zote mbili. Mama, huna haja ya kusema mbele ya watu. Omba kuzungumza na muuguzi faraghani. Ni haki yako.

MPAKA WA KAMUKUYWA

Kwa nini haya yanatuhusu sana sisi wa Kiminini? Kwa sababu tunaishi mpakani. Kaunti ya Bungoma iko katika maeneo ambako SP hutolewa kwa kila mjamzito anayestahili. Trans Nzoia ni nyanda za juu, na huku SP ya kukinga haimo katika utaratibu wa kawaida wa kliniki. Lakini mama zetu hawaishi kwa mipaka ya kaunti. Ukishuka barabara ya Kitale kwenda Webuye, ukifika Kamukuywa tayari uko Bungoma. Huko ndiko kwa wazazi, ndiko matangani, ndiko sokoni. Mama anaweza kumeza SP huko Jumatatu na kununua foliki ya miligramu 5 huku Jumatano, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Kinachounganisha pande hizo mbili ni kile kijitabu chako cha kliniki. Kibebe kila unakokwenda, hata ukienda kusalimia tu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kabla sijakuaga, shika haya:

Kwanza, usiache dawa yoyote kwa sababu ya mazungumzo haya. Foliki ni muhimu, SP ni muhimu, Septrin ni muhimu. Tunachokataa ni kuzichanganya ovyo.

Pili, soma kipimo kwenye pakiti ya foliki, au mwombe mtu akusomee. Ukiona miligramu 5 na wewe ni mjamzito, muulize muuguzi kabla ya kumeza.

Tatu, wapo wanaoandikiwa miligramu 5 na daktari kwa sababu maalumu, kama wenye ugonjwa wa selimundu, au mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo. Ikiwa wewe ni mmoja wao, mwambie muuguzi mapema ili mpange pamoja njia ya kukukinga na malaria.

Nne, SP haitolewi miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na haitolewi kwa mtu ambaye mwili wake unakataa salfa.

Tano, ukipata homa, nenda ukapimwe. SP ya kukinga si tiba ya malaria. Na hata ukiwa umemeza SP, lala ndani ya neti iliyotiwa dawa. Neti haigombanii kiti na dawa yoyote.

Yule mama mwenye mfuko alijifungua salama, na siku alipoleta mtoto kwa chanjo alinionyesha kitabu chake. Kila dawa aliyotumia, hata ya kikohozi, alikuwa ameandikiwa na kijana wake wa darasa la saba kwenye ukurasa wa nyuma. Nawe fanya hivyo. Tukikuuliza kliniki, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?", si udadisi. Tunataka kujua ni nani amekwisha kaa kwenye kiti.

 Mpitishie jirani kijitabu hiki.